Majembe Niliyoyachagua kwa Sikio

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba upatu mzuri ni ule unaolia kwa muda mrefu. Nilikuwa nagonga chuma, nafumba macho, nausikiliza mlio ukienda, ukienda, mpaka unapotelea kwenye kelele za vyura, na kadiri ulivyochelewa kufa ndivyo nilivyokipenda chuma hicho. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinifundisha. Mpiga upatu wetu alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo kwenda Mahenge na hakurudi. Nilikiokota kijiti chake tu. Maarifa yake aliondoka nayo. Ndivyo mambo yangu yote yalivyo: hata herufi hizi nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama maandishi ya magunia, na bado kila neno nalirudia mara mbili nikihofia kwamba limekaa vibaya.

Anayesikiliza ngoma kwa mbali hudhani upatu ni pambo. Kinachomfikia kwanza ni msondo, ile ngoma ndefu, na anafikiri watu wanaufuata msondo. Si kweli. Msondo unaongea, unatania, unanyamaza ukitaka. Mguu wa mchezaji unafuata upatu. Ti, ti-ti, ti, ti-ti, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka jua linashuka, bila kuharakisha wala kulegea. Upatu wenyewe hasa ni sahani ya shaba, lakini kwetu shaba ilikuwa haba. Tulitundika jembe kuukuu kwa kamba ya gome la mti, tukaligonga kwa kijiti, tukaliita upatu hivyo hivyo.

Shaba niliisikia Ifakara, kwenye kambi ya askari, siku niliyokwenda na mjomba kupeleka mpunga wa kodi. Mjomba, kaka yake marehemu mama, ndiye aliyenilea. Askari walikuwa wanapita kwa gwaride na mmoja wao alishika sahani mbili za shaba, kila mkono yake, akazigonganisha. Sikuwahi kusikia kitu cha namna ile. Mjomba alinivuta mkono, akanivuta tena. Yeye macho yake yalikuwa kwa Mdachi aliyekuwa akipima mpunga wetu. Mimi yangu yalikuwa kwenye shaba, na mpaka leo sijui siku ile walituchukulia kiasi gani.

Kuanzia hapo nikawa mkusanyaji. Nilipata mfuniko wa sufuria uliobonyea, nikapata kipande cha kengele, nikapata majembe yaliyovunjika pembe. Mhindi wa dukani alitupa kisahani cha mizani kilichopinda, nikakiomba, akanipa ili niondoke mlangoni kwake. Vyote nilivitundika chini ya paa la nyumba, nikavigonga asubuhi kabla upepo haujaamka, kwa kijiti cha mkwaju, kisha kwa mwanzi, kisha kwa mfupa. Nikishamaliza nilianza upya, kwa hofu kwamba sikio lilikuwa bado na usingizi.

"Upepo ukivuma hapa," mjomba alisema, "watu watadhani wachawi wanahama."

Sikuweza tena kupita karibu na chuma bila kukigusa. Msibani kwa jirani, watu wameinama, wanalia, mimi niligonga kwa ukucha ubavu wa sufuria ya wali wa waombolezaji. Ukucha mmoja tu. Wanawake wawili walinyanyua vichwa, na aibu ile ninayo mpaka sasa. Lakini nikiwa mkweli, lililonisumbua njia nzima kurudi nyumbani halikuwa aibu. Lilikuwa ni kwamba sikuwa nimesikia vizuri.

Baada ya mavuno tuliitwa kupiga ngoma Katindiuka. Nilikuwa nimeshachagua: kisahani cha mizani. Kilikuwa na mlio mrefu kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na nilikuwa nimekisugua kwa majivu mpaka kikameta. Wimbo wa kwanza haukufika katikati. Nilimwona mzee mmoja akikosea hatua, kisha kijana, kisha mstari mzima ukavurugika kama siafu waliomwagiwa maji. Mpiga msondo alishusha mikono. Alikuwa mtu mwenye utani mwingi, amenizidi miaka michache, na alipenda kuutoa utani wake penye watu.

"Mdogo wangu, umetundika nini hapo?"

"Shaba, kaka. Ya mizani."

"Nimeisikia. Hata marehemu wameisikia. Hebu gonga taratibu." Nikagonga. "Tena. Tena. Unasikia mwenyewe? Mlio wa kwanza haujatoka, wa pili umeshaingia, wa tatu unasukuma. Umewajaza watu mlangoni, hakuna anayepita."

Msichana mmoja katika mstari wa wachezaji akadakia, "Sisi tunacheza au tunafukuza nyuki?"

Walicheka wote. Nikalifungua lile jembe kuukuu kwenye kikapu, nikalitundika, nikapiga mpaka jioni bila kuinua macho. Yule msichana nilimchukia kwa siku kadhaa. Kisha nikagundua kwamba nilipofanya mazoezi ni miguu yake niliyokuwa nikiipigia, na kwamba alikuwa amesema kweli. Nilimwomba mjomba atume mshenga kwao.

Yale maneno ya mpiga msondo niliyafikiria sana. Chuma kinachoshika mwendo kinatakiwa kuwa na sauti mbili. Ya juu ni ya kijiti, kavu, fupi, kila pigo lijulikane ni pigo. Ya chini ni ya mvumo, nayo iwe laini na ya kukaa kimya, kama mkeka ulio chini ya miguu. Mvumo ukizidi, pigo linazama. Mvumo ukikosekana, kinachobaki ni kigongo kinachopiga gogo. Nilivijaribu vyuma vyangu vyote na hakuna kimoja kilichokuwa na hizo mbili pamoja. Nilivishusha vyote kutoka kwenye paa, nikalala mchana kutwa kama mgonjwa.

Mshenga alirudi na jibu zuri. Baba wa binti amekubali, na mahari ni fungu la majembe, kama ilivyo kawaida yetu. Majembe ya mahari lazima yawe mapya na mazima, hayajatiwa mpini, hayajagusa udongo. Siku ya kuyapokea baba mkwe huyanyanyua moja moja na kuyagonga kwa fundo la kidole, watu wakiwa kimya wanasikiliza, kwa sababu jembe lenye ufa halitambuliwi kwa macho bali linajitaja lenyewe: linakohoa. Familia iliyopeleka jembe linalokohoa hutajwa kwa miaka.

Mjomba aliuza mpunga wake na samaki wake wakavu. "Una masikio," aliniambia. "Nenda Sanje kwa mhunzi, ukachague mwenyewe. Likikohoa, aibu ni yangu."

Sijui kama amewahi mtu kuniamini kiasi hicho tangu siku ile.

Mhunzi wa Sanje alinivumilia mwanzoni. Niliyatundika majembe yake kwenye mti, nikayagonga, nikakataa, nikaomba mengine. Siku ya pili yake alikuwa amechoka.

"Haya ni majembe, kijana, si kasuku. Unataka yaseme nini?"

"Nataka yasikohoe, baba."

"Hakuna linalokohoa hapo. Unajua wewe na mimi najua."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshapata majembe mazima ya kutosha tangu asubuhi ya siku ya kwanza, lakini niliendelea kugonga. Ndipo nikalifikia moja lililokuwa jembamba kidogo upande mmoja, ambalo mimi mwenyewe ningelipita kama ningelitazama tu. Nikaligonga. Kijiti kilisema neno lake waziwazi, kavu, halafu chini yake ukaja mvumo mdogo ambao haukupanda juu ya neno lile hata nilipoharakisha. Niliharakisha zaidi. Kila pigo lilisimama peke yake. Nikakiweka kijiti chini.

Nililifunga pamoja na mengine, nikabeba mzigo kurudi. Pale Mkula niliketi kando ya njia, nikafungua fungu, nikaligonga tena, kwa hofu kwamba sauti ile ilikuwa ya mti wa Sanje na si ya jembe. Ilikuwa ya jembe.

Sasa hapa ndipo ninapotakiwa kusema wazi. Fungu la mahari lilikuwa limekamilika. Mjomba alilihesabu, akaliweka kwenye kona ya nyumba, akasema tutalipeleka mwezi ukiandama. Nami kabla mwezi haujaandama nililitoa lile jembe moja. Nilijiambia nitapiga nalo ngoma moja tu kisha nilirudishe. Lakini kamba iliyofungwa shingoni mwa jembe inabana sauti, na nilipoilegeza, jembe liliteleza. Lilihitaji tundu. Nilizungushia matope mabichi sehemu yote ya kulimia, kwa sababu chuma kikishika moto na kupoa polepole kinakuwa bubu, kisha nikauchoma ule mkia peke yake, unaoingia kwenye mpini, mpaka ukawa mwekundu, nikautoboa kwa ncha ya mkuki. Nilifanya kazi ile vizuri sana. Sauti haikupungua hata kidogo. Na lile jembe halikuwa tena jembe la mahari, maana halikuwa tena zima.

Mjomba alipoligundua alilihesabu fungu upya, jembe kwa jembe.

"Haya," akasema, "tupeleke yaliyopo. Lililopungua litafuata. Mkwe naye ni mtu, ataelewa."

"Hapana mjomba, nitakwenda Sanje kuchukua jingine. Siwezi kupeleka fungu lenye pengo."

Nilikwenda. Jingine lililia juu mno. Nilirudi nalo, nikaliweka kati ya wenzake, nikayagonga yote kwa zamu, na lenyewe lilijitenga kama mgeni. Hakuna baba mkwe duniani ambaye angelijali jambo hilo. Mimi nililijali. Niliona tayari kidole chake kikigonga, na kichwa chake kikiinama kidogo, na niliona watu wakinitazama. Nikalirudisha. Mvua zikaanza, njia ya Sanje ikajaa maji, mwezi ukaandama na kuzama na kuandama tena, na fungu likabaki konani.

Mwaka ule ngoma zilikuwa nzuri. Nilipiga kuliko nilivyowahi kupiga, na mpiga msondo hakuwa na utani wa kunitupia. Katindiuka tuliitwa tena, na yule binti alicheza mbele yangu hasa, akikanyaga katikati ya kila pigo. Ngoma ilipopumzika alinisogelea, akisingizia kutafuta njuga iliyokatika.

"Leo umepiga vizuri."

"Umesikia?"

"Nimesikia kwa miguu." Aliinama, akapapasa nyasi. "Baba anauliza majembe."

"Limepungua moja tu. Natafuta linalolingana na mengine."

Alinyanyua macho akakitazama chuma kilichoning'inia karibu na bega langu. Hakikuwa na kutu, wala mkwaruzo wa udongo. Mtoto yeyote wa bondeni angekijua.

"Na hilo?"

"Hilo lina tundu."

"Nani kalitoboa?"

Nilijifanya nakaza kamba yake. Alisubiri, kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, "Basi baba nimwambie nini?"

"Mwambie mavuno yajayo."

Mavuno yaliyofuata hayakuwa ya kuoa. Dawa ya maji ilikuwa imefika. Wazee waliokuwa wakinyamaza mbele ya askari walianza kuongea, na watu waliotozwa kodi na kupigwa viboko na kufanyishwa kazi bila ujira walisikia kwamba risasi zitakuwa maji. Nami nilikunywa dawa ile, sitaki kujitenga na wenzangu. Wapiganaji walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya chuma ili kipelekwe kwa mhunzi kifuliwe mikuki. Walipofika kwetu, mjomba aliingia ndani mwenyewe na kutoka na lile fungu begani.

"Mjomba, hayo ni mahari."

"Yamelala hapa tangu mavuno yale," alisema. "Yangekuwa Katindiuka sasa, na wewe ungekuwa na mke, na mimi ningekuwa na mjukuu. Acha yaamke."

Hakuniuliza jembe la tundu lilikuwa wapi. Nilikuwa nimelificha chini ya mpunga, ghalani. Wakati wenzangu walikuwa wanatoa mpaka visu vya jikoni, mimi nilikuwa naogopa kwamba mhunzi angelitia lile moja kwenye moto.

Mjomba aliondoka na wapiganaji kuelekea Mahenge. Waliorudi walisema bunduki za bomani hazikutoa maji. Yeye hakuwa miongoni mwao, na hakuna aliyeniambia mahali alipoangukia.

Kisha askari walikuja bondeni, wakachoma. Hawakutafuta watu kwanza, walitafuta chakula. Ghala letu liliungua siku nzima likitoa harufu ya wali, na kutoka kwenye matete nilikojificha mate yalinitoka, nikajichukia. Nilisubiri majivu yapoe. Jembe nililikuta lilipokuwa, jeusi, halijapasuka. Nikalifuta, nikalishika kwenye tundu lake, nikaligonga kwa fundo la kidole.

Lilisema, "ta." Basi.

Nililigonga mara nyingi, pande zote. Nililiosha mtoni, nikaligonga tena. Moto wa polepole wa mpunga ulikuwa umelifanya lile nililolizuia kwa matope siku nilipolitoboa.

Njaa iliyokuja baadaye sitaieleza sana. Tulikula mizizi, tulikula mbegu, halafu hatukuwa na mbegu wala majembe ya kuzipandia. Mshenga wetu alikufa katika njaa ile. Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya juu ya milima nilichukua jembe langu nikaenda Katindiuka peke yangu, jambo ambalo mposaji hafanyi. Nilijua kwamba silo tena la mahari. Lakini lilikuwa jembe, na katika bonde lile wakati ule jembe lilikuwa kitu kikubwa, na nilijiambia kwamba labda moja la sasa litahesabiwa kama fungu la zamani.

Baba yake alikuwa ameketi mbele ya kibanda kipya cha nyasi. Alikuwa amekonda hadi sauti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mshenga wako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Na mjomba wako?"

"Hakurudi."

Alinyoosha mkono, nikampa jembe. Hata katika hali ile aliligonga kwa kidole, kwa mazoea, akainamisha kichwa. Kisha akaligeuza, akaona tundu, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Hili ndilo lililopungua?"

"Ndilo, baba."

"Na mengine?"

"Yalifuliwa mikuki."

"Kwa hiyo umeniletea lile lililokosekana," alisema taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe, "na yale yaliyokuwepo hayapo."

Binti alitoka kibandani, akasimama nyuma ya baba yake. Alivaa kaniki mpya. Mahali ambapo kila mtu alikuwa amevaa magome na vipande vya magunia, sikuhitaji kuambiwa kaniki mpya ilitoka wapi, lakini baba yake alinieleza kwa heshima: askari mmoja wa kambi ya Ifakara ameleta maneno ya posa, ameleta na mchele, atamchukua keshokutwa.

"Ningekuja mapema," nilimwambia binti. Niliongea naye moja kwa moja mbele ya baba yake, adabu yote imenitoka.

"Mapema ilikuwepo," alisema. "Ilikaa hapa sana."

"Mkatae."

"Nimeshakula mchele wake. Baba amekula. Wadogo zangu wamekula." Aliutazama mkono wangu, si uso. "Wewe umekula nini leo?"

Sikuwa nimekula. Aliingia ndani, akanitolea wali kwenye jani, ukiwa wa baridi, na nikaula. Niliula wote pale pale nikiwa nimesimama. Nimeshajaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine na kila namna ni uongo.

Nilipogeuka kuondoka baba yake aliniita. Bado alikuwa amelishika jembe.

"Linalima?"

"Linalima."

"Nitalipokea. Mvua ni hizi, na hapa hatuna hata moja. Lakini usije ukaenda kusema kwa watu kwamba ulinipa mahari."

"Sitasema, baba."

Nimewalaumu wengi tangu siku hiyo. Nimemlaumu Mdachi, naye anastahili. Nimemlaumu aliyeleta dawa, na mjomba aliyelitoa fungu, na yule askari ambaye sijamwona uso, na baba aliyehesabu njaa ya watoto wake kabla ya heshima yangu. Nawalaumu kwa zamu, na kila zamu ikiisha nakumbuka kwamba njia ya kutoka kwetu mpaka Katindiuka mtu huimaliza kabla umande haujakauka, na kwamba kwa mavuno mazima mawili fungu lilikuwa konani na mimi nilikuwa mzima wa miguu.

Sasa naishi peke yangu kwenye kiwanja cha mjomba na nalima shamba lake. Ngoma huchezwa mara chache. Wakinihitaji nakwenda, natundika chuma chochote ninachopewa, sikijaribu kwanza, nami nimepiga hivyo kwenye harusi za wenzangu karibu wote. Yeye yuko kambini na ana mtoto. Mimi sijaoa.